Nani Alikula G ya Mbogo?

Mhadhara uliotolewa kwa wakazi wa Kathonzweni, Kaunti ya Makueni

Wazee wangu, akina mama, walimu, nanyi vijana mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti:

Nilipomwambia jirani yangu kwamba nimealikwa Kathonzweni kuzungumza juu ya dola ya Roma na asili ya lugha, aliniuliza kama Waroma waliwahi kulima ndengu. Nikamjibu kwamba huku hawakuja kulima, ila pembe za ndovu walizinunua.

Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri, nchi iliyokuwa tayari mikononi mwa Roma, aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Soko la mwisho analolitaja katika pwani yetu ni Rhapta. Bidhaa zake ni pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Sasa, ndovu hazaliwi baharini. Huku bara walikuwapo watu waliomwinda, wakamwita kwa jina fulani, wakabishania bei yake kwa maneno fulani. Watu hao hawakuwa Wakamba, kwa maana Kikamba kilikuwa hakijazaliwa. Na pembe ile ilipofika ng'ambo haikununuliwa na Mfaransa wala Mhispania, kwa maana Kifaransa na Kihispania navyo vilikuwa havijazaliwa. Lugha hizi, zetu na zao, ni za rika moja. Zile zilizaliwa chini ya upanga. Hii yetu ilizaliwa bila mfalme, bila jeshi na bila barabara ya mawe. Nataka tuzilinganishe, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba lugha hutengenezwa na wenye bunduki.

Tuanze na wenye upanga. Julius Caesar aliingia Galia, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa ni Ufaransa, mwaka 58 kabla ya Kristo. Mwaka 52 alimzingira shujaa wa Wagalia, Vercingetorix, pale Alesia, mpaka akajisalimisha. Leo watu wa nchi ile wanasema Kifaransa, mtoto wa Kilatini, na lugha ya Vercingetorix haina msemaji hata mmoja. Shuleni tulifundishwa hesabu nyepesi: jeshi likashinda, basi na lugha ikashinda.

Hesabu hiyo haitoki. Waroma hao hao waliivamia Uingereza mwaka 43 baada ya Kristo wakakaa huko mpaka karibu mwaka 410. Ni zaidi ya miaka 360. Walipoondoka, Kilatini cha mitaani kiliwafuata. Waingereza wa leo hawasemi mtoto wa Kilatini. Nchi ya Dakia, ambayo leo ni Romania, waliiteka mwaka 106 na kuiacha kabla ya mwaka 280. Hawakufikisha hata miaka 180. Hata hivyo Kiromania, kinachosemwa hadi leo, ni mtoto halali wa Kilatini. Nao Wabaski, milimani kati ya Ufaransa na Hispania, walikaa chini ya Roma kwa karne nyingi na bado wanasema Kibaski, lugha isiyo na undugu na yoyote ya jirani zao. Dola moja, upanga mmoja, matokeo matatu tofauti. Kama upanga ndio uliozaa lugha, mbona huku ulizaa na kule ukawa tasa?

Mwanahistoria wa Kiroma, Tacitus, anatupa dokezo dogo ambalo mimi naliona kubwa. Anasema kwamba mwaka 21 baada ya Kristo, vijana wa koo kubwa za Galia walikuwa wamekusanyika mji wa Augustodunum, leo Autun, wakisoma elimu ya Kiroma. Hesabuni: kutoka Alesia hadi mwaka huo ni miaka 72 tu. Hawa ni wajukuu na vitukuu wa watu waliopigana na Caesar. Hakuna askari aliyewaburuta hadi darasani. Baba zao ndio waliowapeleka, kwa sababu cheo, kesi, mkataba na zabuni, vyote vilisemwa kwa Kilatini. Mzazi wa Kigalia alipiga hesabu yake ya nyumbani akaona mwanawe asipojua Kilatini atabaki mchungaji.

Vijijini mambo yalikwenda polepole. Kigalia kilidumu mashambani kwa karne kadhaa, na kilipokufa kiliacha maneno yake matopeni. Kifaransa kina neno la Kigalia kwa mti wa mwaloni, *chêne*, kwa plau, *charrue*, na kwa kondoo, *mouton*. Maneno ya bunge na mahakama ni ya mshindi. Maneno ya kondoo, plau na mwaloni ni ya aliyeshindwa. Nakuombeni mlikumbuke hilo tutakapofika kwetu.

Kilatini chenyewe, kilipopita midomoni mwa watu wa kila bonde, kiligeuka. Mroma alisema *securus* kwa kitu kilicho salama. Mhispania akalainisha ile k katikati, akasema *seguro*. Mfaransa hakutosheka na kulainisha: aliimeza kabisa, akabaki na *sûr*. Mwezi wa Augusto, kwa Mhispania ni *agosto*. Kwa Mfaransa umekuwa *août*, g imekwenda. Hakuna kaisari aliyetoa amri kwamba g idondoke. Ilidondoka kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, hadi siku moja watu wa mabonde mawili wakakutana sokoni wakagundua kwamba hawaelewani vizuri tena.

Sasa rudini nyumbani. Wakikuyu humwita mgeni *mũgeni*. Kiswahili ni mgeni. Sisi Wakamba husemaje? *Mũeni*. G imekwenda. Wakikuyu humwita nyati *mbogo*, na Waswahili nao wanalo neno mbogo. Sisi husema *mboo*. G imekwenda. Wazee wa Mbooni mnajua kwamba mji wenu ni mahali pa mbogo, na kama babu zetu wangeshika ulimi, leo kungekuwa na Mbogoni.

Hiyo ni g. Tazameni l. Kiswahili ni kilima, Kikuyu ni *kĩrĩma*, sisi ni *kĩĩma*. Anayesafiri kwa barabara ya Mombasa hupita Kiima Kiu, kilima cheusi, bila kujua kwamba amepita mahali palipoangukia herufi. Kulima ni *kũĩma*. Mwele, ile nafaka ya nchi kame, ni *mwee*. Na ulimi wenyewe, uliofanya makosa yote haya, ni *ũĩmĩ*. Si kila l iliyoanguka. Mbili bado ni *ilĩ*. Lakini mpango unaonekana, na ni mpango uleule wa Mfaransa. Kikuyu kwa Kikamba ni kama Kihispania kwa Kifaransa: mmoja hutafuna konsonanti, mwingine humeza nzima. (Natumaini hapa hakuna Mkikuyu wa kukasirika; kama yupo, ajue sisi ndio tuliokula.)

Basi nani alikula g ya mbogo? Si mfalme. Ukambani haukuwahi kuwa na mfalme. Ulikuwa na koo, wazee wa utui na watu mashuhuri kama Masaku na Kivoi, ambao neno lao lilipita kwa heshima, biashara au utabiri. Si mshindi wa vita pia. Waliokula g ni akina mama jikoni na watoto malishoni, katika karne ambazo watu walikuwa wakihama polepole kutafuta mvua.

Safari hiyo ilikuwa ndefu. Mwaka 1862 mtaalamu Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi Afrika Kusini, aliipa jamii kubwa ya lugha zetu jina la Bantu, akichukua neno la watu. Leo tunahesabu lugha kama 500 za jamii hiyo, kutoka Kameruni hadi Afrika Kusini. Wataalamu wengi wanakubaliana na Joseph Greenberg kwamba chimbuko lake ni mpaka wa Nijeria na Kameruni, na kwamba kutawanyika kulianza miaka 4,000 au 5,000 iliyopita. Linganisheni: Kilatini kilihitaji majeshi, mabaraza na barabara za mawe kulifikia eneo dogo kuliko hilo. Lugha za Kibantu zilikwenda kwa jembe, chungu, mbegu na posa. Watu walipanda shamba, wakaoa kwa waliowakuta, na mtoto wa ndoa ile akasema lugha ya upande uliokuwa na chakula zaidi. Waliokutwa hawakuwa maporini wakisubiri historia: walikuwapo wawindaji, walikuwapo wafugaji wa lugha za Kikushi, na masalia ya lugha za kale bado yapo Afrika Mashariki, kama Kihadza na Kisandawe kule Tanzania.

Katika upande wetu, wanahistoria hufuata simulizi za wazee: kutoka pande za Kilimanjaro, kupita vilima vya Chyulu hadi Nzaui, kisha kupanda Mbooni mnamo karne ya 17, na kutoka Mbooni, katika karne iliyofuata, wengine kuvuka mto Athi kwenda Kitui. Wazee wana simulizi nyingine pia, kwamba Mũlungu aliwashusha watu wa kwanza juu ya mwamba wa Nzaui, na nyayo zao bado zipo. Mwanafunzi mmoja alipata kuniuliza nichague moja. Sichagui. Simulizi moja inaeleza watu walitoka wapi, ya pili inaeleza walianza kujiita watu wamoja wapi, na zote mbili zinapita Nzaui.

Huo mto Athi niliokwisha kuutaja, unaotenganisha Makueni na Kitui, hauishii hapo. Ukiteremka, huitwa Galana, na unapokaribia bahari kaskazini ya Malindi huitwa Sabaki. Wataalamu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walipochunguza ukoo wa Kiswahili, waliuweka pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro, na kundi hilo huitwa Sabaki. Yaani Kiswahili kimepewa jina la ukoo kutokana na maji yanayopita kwanza hapa kwenu. Mtu wa pwani akikuringia kwa Kiswahili, mkumbushe ni nani aliye juu ya mto.

Na zipo siku ambapo wa juu ya mto ametunza kitu ambacho wa chini amekipoteza. Hesabuni kwa Kiswahili: tano, sita, saba, nane, tisa. Sita, saba na tisa zimetoka kwa Waarabu. Kikamba husema *thanthatũ*, *mũonza*, *nyanya*, *kenda*. Hiyo kenda ilikuwa pia ya Waswahili. Vitabu vya zamani vinayo, na imejificha ndani ya jina la Mijikenda, miji tisa. Pwani haikutekwa na Waarabu ili iache kenda. Waliuziana, wakaandikiana hati, wakakopeshana, na kwenye hesabu za duka neno la mwenye mizani ndilo lililoshinda.

Sisi nasi tulikopa bila kushindwa vita. Neno *Ngai*, ambalo watu wengi hapa hulitumia kanisani, ni la Wamaasai, *Enkai*. Nasi tulikuwa tayari na Mũlungu, ndugu wa Mungu wa Waswahili. Tunayo majina mawili ya Mwenyezi, moja la ukoo na moja la jirani tuliyeibiana naye ng'ombe. Misafara ya Wakamba ya karne ya 19, iliyopeleka pembe Mombasa na kurudi na nguo na shanga, ilileta *mbesa* na *ndũka*. Kisha wakaja wamisheni, tukapata *ĩvuku* na *sukulu*, Kiingereza kilichovaa ngozi ya Kikamba hata bibi yake hakitambui. Lakini plau ilipofika tulikuwa tayari na *kũĩma*, na mahindi yalipotoka Amerika tuliyapa jina letu, *mbemba*. Ni kama Galia: ofisini wamekuja wageni, shambani tumebaki wenyewe.

Ndivyo hata kwa kuandika. Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours waliamua kwamba mahubiri yasemwe kwa lugha ya watu wa kawaida, kwa sababu waumini hawakuelewa tena Kilatini cha kanisa. Mwaka 842, kule Strasbourg, wajukuu wawili wa Karolo Mkuu walikula kiapo mbele ya askari wao, na maneno ya kiapo hicho ndiyo maandishi ya kwanza ya lugha iliyokuja kuwa Kifaransa. Sisi cheti chetu ni cha 1850: Injili ya Marko kwa Kikamba, iliyochapishwa Tübingen, Ujerumani, kazi ya Johann Ludwig Krapf. Mwaka mmoja kabla ya hapo, akiwa Kitui kwa Kivoi, Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao wenyeji waliuita *Kĩĩma kya Kĩnyaa*. Wazee husema ni mlima wenye madoa kama mbuni, *nyaa*. Krapf aliandika Kenia, wengine wakanakili, na nchi nzima ikabatizwa. Waingereza walituteka, naam. Ila walitutawala kwa jina lililotoka katika kinywa cha Mkamba. Kwa upande mwingine walishindwa kutamka Masaku, wakaandika Machakos, na sisi wenyewe leo tunasema Machakos bila aibu. Kusini zaidi reli ilipofika mwishoni mwa karne ya 19, kituo kimoja kilipewa jina la Sultan Hamud wa Zanzibar. Ukisafiri kutoka Kiima Kiu hadi Makindu umepita Mkamba, Sultani na miti ya mikindu katika saa chache.

Kampuni ya Uingereza ilifungua kituo chake Machakos mwaka 1889, Peter Cameron Scott na wamisheni wa Africa Inland Mission wakafika Nzaui mwaka 1895, mwaka ule ule Uingereza ilipotangaza himaya yake. Bendera ilishushwa mwaka 1963. Ni miaka 74 tangu kile kituo cha Machakos, karibu sawa kabisa na kutoka Alesia hadi darasa la Autun. Kikamba kilipona miaka hiyo yote. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6.

Lakini swali langu ni la baada ya hapo. Nilipokuwa mtoto, shuleni kwetu, ambako sitakutaja, kulikuwa na kibao cha mbao tulichokiita diski. Aliyesikika akisema Kikamba alivishwa shingoni, akakipeleka kwa mwingine aliyemsikia akisema Kikamba, na jioni aliyenacho alichapwa. Aliyeanzisha mchezo huo hakuwa Mwingereza. Alikuwa mwalimu wetu, mtu wa kijiji cha pili, aliyelala na kuota kwa Kikamba. Uingereza ilikuwa imeondoka zamani. Leo diski hiyo haipo, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaiagiza serikali kulinda lugha za watu wa Kenya. Nyumbani kwa ndugu yangu Nairobi, hata hivyo, mjukuu alipompigia simu sũsũ wake, yaani bibi yake, alishindwa hata kutaja *kĩw'ũ*, maji. Hapakuwa na askari mlangoni. Palikuwa na baba aliyepiga hesabu ileile ya yule Mgalia.

Nasema hivi bila kulaumu. Hesabu ya baba huyo ina ukweli ndani yake. Kosa lake ni kudhani kwamba mtoto ana nafasi moja tu kichwani. Mfanyabiashara wa Kikamba aliyekwenda Mombasa mwaka 1840 alisema Kikamba, Kiswahili, na maneno ya kutosha ya Kimijikenda ya kupitia njiani, na hakwenda shule hata siku moja.

Nimalizie na Kathonzweni yenyewe, kwa sababu nyinyi mna kitu ambacho Mbooni hawana. Mbooni ni pa kale. Hapa ni papya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka vya mbung'o katika eneo la Makueni ikagawa mashamba kwa masharti makali ya mifugo na matuta. Wengi walikataa mwanzoni. Walikumbuka mwaka 1938, walipopunguziwa ng'ombe kwa nguvu na Muindi Mbingu akawaongoza watu kwenda Nairobi kulalamika, kisha yeye akapelekwa uhamishoni Lamu. Waliokuja hatimaye walitoka milima mbalimbali ya Ukambani, kila mmoja na lafudhi yake. Walichimba matuta wakayaita fanya juu, na leo wataalamu wa udongo duniani wanaandika *fanya juu* katika vitabu vyao vya Kiingereza, kwa Kiswahili kilekile. Watoto wao walichunga pamoja, wakachekana lafudhi, wakaoana. Kikamba kinachosemwa katika ukumbi huu kina umri wa watu waliopo hapa mbele yangu.

Roma ilikuwa na askari wastaafu waliopewa mashamba katika nchi mpya, na mji wa Köln wa Ujerumani ungali na jina la *colonia* yao. Kilatini walichokisema watu hao wa mwanzo hatukijui kwa sauti, kwa maana hakuna aliyewauliza. Wa kwetu bado wapo. Wapo wazee waliofika hapa wakiwa watoto mgongoni, wanaokumbuka kijito hiki kiliitwaje kabla ya ramani, kilima kile kiliitwaje na watu wa Kilungu na kiliitwaje na watu wa Mbooni, na neno lipi lilichekwa hadi likaachwa. Naomba kila kijana aliyesimama pale mlangoni aende kwa mzee mmoja na daftari, au na simu inayorekodi, amwulize hayo kabla mvua ya Novemba haijashika, kwa sababu ikishika kila mtu atakuwa shambani.